Kadi mbili kwenye mtandao mmoja si kasi maradufu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wenye ofisi, shule na zahanati hapa Mombasa kuhusu jambo linalowagharimu pesa bila wao kujua. Siku hizi seva nyingi zinazonunuliwa huja na matundu mawili ya mtandao nyuma, kila tundu na kadi yake ya mtandao. Mwenye ofisi akiliona tundu la pili li wazi, humwuliza fundi mbona halitumiki. Fundi naye huchomeka waya wa pili kwenye swichi ileile, yaani kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, huipa kadi ya pili anwani inayofuatana na ya kwanza, kisha huandika kwenye ankara kwamba seva sasa ina kasi maradufu. Si kweli. Kwenye Linux na mifumo mingine ya kuendeshea kompyuta ya ukoo wa Unix, kadi mbili zilizowekwa hivyo katika mtandao mmoja haziongezi kasi wala hazikukingi siku waya mmoja unapokufa. Zinachozaa ni hitilafu za kuja na kupotea, zile ambazo mtu huhangaika nazo muda mrefu asijue zinatoka wapi.

Mimi ni fundi wa mitandao, mkaazi wa Majengo, na kazi yangu hunizungusha Shimanzi, Changamwe, Nyali hadi ng'ambo ya Likoni. Nimeiona hali hii mahali pengi mno hata siwezi tena kuinyamazia.

Kuna sababu watu huikubali ahadi hiyo upesi. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu ya nje yalitegemea setilaiti, na mtu aliyelalamika kwamba mtandao ni mzito alikuwa na haki ya kuilaumu. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zikaingia Mombasa kutoka baharini, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Tangu hapo tatizo likahamia ndani ya majengo yetu wenyewe, kwenye swichi iliyo chini ya ngazi na seva iliyo pembeni mwa kabati. Lakini lawama haikuhama. Hadi leo faili likichelewa kufunguka, wa kwanza kupigiwa simu ni kampuni ya intaneti, hata kama faili hilo liko chumba cha pili na halijawahi kutoka nje ya jengo.

Niruhusu nieleze ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, ambayo sitaitaja jina. Seva yao ni ya Linux, na ndiyo inayohifadhi hati zote za makontena. Kadi ya kwanza ilipewa 192.168.10.5 na ya pili 192.168.10.6, zote kwenye swichi moja. Fundi aliyetangulia alikuwa na nia njema: kadi ya kwanza iwahudumie makarani, ya pili ifanye nakala za akiba usiku. Akaandika na masharti ya ulinzi kwa kila kadi. Kadi ya kwanza ikaruhusiwa kutoa hati, na ya pili ikafungiwa kila kitu isipokuwa kazi ya nakala na majibu ya ping, ile hodi ya kupima kama mashine inasikika.

Kilichotokea ni kwamba asubuhi moja kompyuta ya mapokezi inafungua hati vizuri huku ya mhasibu imekwama. Baada ya chakula cha mchana mhasibu anafanya kazi, mapokezi wamekwama. Kompyuta zikazimwa na kuwashwa, nyaya zikabadilishwa, swichi mpya ikanunuliwa. Hali ikabaki palepale.

Nilipofika nilikwenda kwanza kwenye kompyuta ya mhasibu, inayotumia Windows, nikaandika arp -a. Amri hiyo huonyesha kila anwani ya IP ambayo kompyuta imeongea nayo karibuni, pamoja na anwani ya kadi yenyewe, ile ya herufi na tarakimu 12 ambayo kadi huzaliwa nayo kiwandani. Anwani ya .5 na ya .6 zilikuwa na kadi ileile mbele yake, na kadi hiyo ilikuwa ya pili, ile iliyofungwa. Kwenye kompyuta ya mapokezi, .5 na .6 zote zilionyesha kadi ya kwanza. Hapo ndipo penye tatizo lote, lakini nilitaka mwenye ofisi alione kwa macho yake. Nikaacha ping ikienda kwa .6, nikauchomoa waya wa kadi ya pili. Pakapita kimya kidogo, kisha majibu yakaendelea kumiminika. Mhasibu, mzee mwenye subira, akanitazama akasema, "Lakini fundi, waya si huo uko mkononi mwako?"

Ndiyo, waya ulikuwa mkononi mwangu, na anwani ya kadi isiyo na waya ilikuwa inajibu. Tena kompyuta ya mhasibu ikaanza kufungua hati papo hapo.

Sababu yake ni hii. Katika Linux, anwani ya IP ni mali ya mashine nzima, haikufungiwa kadi moja. Kompyuta inayotaka kuongea na 192.168.10.6 hupaza sauti kwenye mtandao mzima ikiuliza nani mwenye anwani hiyo. Utaratibu huo unaitwa ARP na uliandikwa mwaka 1982. Kadi zote mbili zikiwa kwenye swichi moja, zote mbili husikia swali, na Linux kwa mazoea yake huruhusu kila kadi ijibu kwa niaba ya anwani yoyote iliyomo ndani ya mashine. Ni kama nyumba ya Mji wa Kale yenye milango miwili kwenye uchochoro mmoja: ukipiga hodi ukimtaka bibi, aliye karibu na mlango wowote hukuitikia karibu, na wewe utaingilia pale ulipoitikiwa kwanza. Kompyuta ya mhasibu iliitikiwa na kadi ya pili, na kadi hiyo ilikuwa imekatazwa kutoa hati. Kumbukumbu ya ARP ikiisha muda, swali huulizwa upya, na jibu likitoka kadi nyingine mambo hugeuka. Ndiyo maana leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Hii si kasoro ya Linux. Waraka wa viwango vya intaneti wa RFC 1122, wa mwaka 1989, uliieleza mitindo miwili, ule wa mashine inayofungia kila anwani kwenye kadi yake na ule wa mashine inayozichanganya, na ukaacha yote miwili itumike. Linux ilichagua wa pili, kwa sababu nao una faida zake mahali pengine. Anayeiweka seva ni juu yake kujua mfumo wake umechagua upi.

Basi hiyo ni njia ya kuingia. Njia ya kutoka ina mambo yake, na kwangu hapa ndipo ahadi ya kasi maradufu inapovunjika kabisa. Seva ikitaka kumjibu karani, huangalia jedwali lake la njia. Jedwali la ofisi ile lilikuwa na mistari miwili inayosema kitu kimoja: mtandao wa 192.168.10.0/24 unafikiwa kupitia kadi ya kwanza, na mtandao huohuo unafikiwa kupitia kadi ya pili. Mfumo haugawi mzigo nusu kwa nusu. Huchukua mstari mmoja, ulioandikwa kwanza au wenye namba ndogo ya gharama ya njia, na kupeleka kila kitu huko. Nilimwonyesha mwenye ofisi hesabu za kadi kwa amri ya ip -s link. Kadi ya kwanza ilikuwa imetuma mamilioni ya pakiti, yaani vipande vya data, na ya pili vijipakiti vya kujibu ARP tu. Hati zote zilikuwa zinatoka kwa waya mmoja, kama kabla kadi ya pili haijawekwa.

Na kuna madhara ambayo mafundi wengi hawayatazami. Swichi hujifunza kadi iko kwenye tundu gani kwa kuona pakiti zinazotoka kwake. Kadi isiyotuma kitu husahaulika, na swichi nyingi husahau baada ya sekunde 300. Mtu akiendelea kupeleka data kwa kadi iliyosahaulika, swichi haina la kufanya ila kuirusha data hiyo kwenye matundu yote. Kila kompyuta ofisini, na kila printa, inapokea mizigo isiyo yake. Kwa hiyo kadi iliyonunuliwa kuongeza kasi inaweza kuupunguza mwendo wa ofisi nzima.

Nilirudisha waya wa pili, nikachomoa wa kwanza. Kila kitu kikanyamaza. Hata .6, ambayo waya wake ulikuwa mahali pake na taa yake inawaka kijani, haikujibu. Seva ilikuwa inapokea maswali kupitia kadi ya pili lakini inayatuma majibu kupitia kadi ya kwanza, kwa sababu ule mstari wa kwanza kwenye jedwali haufutiki waya ukitolewa. Huwekewa alama tu kwamba waya haupo na huendelea kutumika, mpaka mtu aizime kadi yenyewe au aiagize keneli, kiini cha mfumo, iache kufuata njia za namna hiyo. Ziko programu za kusimamia mtandao zinazofanya usafi huo zenyewe, lakini pale palipowekwa kwa mkono hakuna wa kukusafishia. Mwenye ofisi alikuwa amelipia akiba ambayo haikuwapo.

Kwenye mashine nyingine utakuta hali tofauti. Toleo la Linux ambalo kichujio chake cha rp_filter kimewekwa 1 hutupa kimya pakiti yoyote iliyoingia kwa kadi ambayo si njia ya kuirudishia jibu. Hapo kadi ya pili huwa pambo. Huoni hitilafu, huoni faida, na fundi huondoka akisifiwa. FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, yenyewe humwambia mtu ukweli: kompyuta ya FreeBSD yenye kadi mbili kwenye mtandao mmoja huandika kwenye kumbukumbu zake kwamba anwani fulani iko kwenye em0 lakini jibu limetoka em1, hayo yakiwa majina ya kadi zake. Nimewaona watu wakitafuta namna ya kuuzima ujumbe huo badala ya kuusikiliza.

Dawa ipo na haina gharama. Ukitaka kadi mbili zifanye kazi kama moja, ziunganishe. Kwenye Linux tunaita bondi, kwenye FreeBSD inaitwa lagg. Kadi zote mbili hunyang'anywa anwani zao, na anwani moja tu hupewa bondi. Kwa nje kunaonekana kadi moja, na mvurugano wa ARP hauna tena pa kuanzia.

Kuna namna mbili zinazotufaa sana. Ya kwanza ni active-backup: kadi moja inafanya kazi, ya pili inangoja, na ya kwanza ikikatika ya pili inashika. Haidai chochote kwa swichi, hata ile ya bei rahisi isiyo na mipangilio, na unaweza kupeleka waya mmoja kwenye swichi hii na mwingine kwenye swichi ile ili swichi moja ikifa ofisi isisimame. Ya pili ni LACP, inayotumia waya zote mbili kwa pamoja, lakini swichi sharti iwe inaielewa na ipangwe upande wake pia. Mteja aelezwe mapema kwamba hata kwa LACP mazungumzo mamoja hupita waya mmoja. Anayenakili faili moja kubwa kwenye kadi za gigabiti moja kwa sekunde hatapata gigabiti mbili. Faida huonekana watu wengi wanapoitumia seva kwa wakati mmoja.

Kwa ofisi nyingi za Mombasa mimi napendekeza active-backup, na naisema bila kusita. Kasi ya gigabiti moja inawatosha makarani. Kinachotusumbua hapa ni vitu kufa. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vichwa vya nyaya hufanya kutu ndani ya matundu hata ndani ya chumba kilichofungwa. Nimeng'oa plagi za mtandao zenye ukoga wa kijani kwenye ofisi zinazotazama Kilindini, na umeme ukirudi kwa kishindo swichi ndogo ndizo za kwanza kuungua. Akiba ya kweli dhidi ya hayo ina thamani kuliko tarakimu ya kasi kwenye ankara. Fundi ahakikishe tu bondi imeagizwa kuchunguza waya, kwa mfano kila milisekunde 100. Na mahali ambapo swichi inaweza kubaki hai huku njia iliyo mbele yake imekufa, aiagize ichunguze kwa ARP kwenda anwani ya ruta, maana taa ya kijani peke yake haitoshi.

Ikiwa lengo lako ni kutenganisha kazi, kama yule fundi aliyetaka nakala za usiku ziwe na njia yake, basi ipe kila kadi mtandao wake. Makarani wakae 192.168.10.0/24 na mashine ya nakala au kamera za ulinzi zikae 192.168.20.0/24, na kila kundi liwe na swichi yake, la sivyo ule mvurugano wa ARP utabaki. Hapo jedwali la njia halina utata na masharti ya ulinzi yanashika kila mahali. Ofisi ile tuliimaliza hivyo, bila kununua kifaa chochote.

Wako wachache wenye sababu halali ya kuweka anwani mbili kwenye kadi mbili za mtandao mmoja bila bondi. Inawezekana. Mipangilio ya keneli ibadilishwe, arp_ignore iwe 1, arp_announce iwe 2, rp_filter iwe 2, na kila anwani iandikiwe jedwali lake la njia kwa ip rule ili jibu litoke kwa kadi ilikoingilia. Lakini mipangilio hiyo yote isipoandikwa mahali, fundi atakayekuja baadaye ataikuta seva ambayo haelewi tabia yake, na ataivuruga akidhani anaitengeneza. Kwa ofisi isiyo na mtu wa kuiangalia kila siku, mimi siikubali.

Nawaomba walimu wa vyuo vyetu vya ufundi wasiishie kwenye kubana vichwa vya nyaya na kugawa anwani. Vijana wanatoka wakijua kuandika ifconfig lakini hawajawahi kukaa mbele ya tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinavyopita, wakatazama swali la ARP moja likijibiwa mara mbili. Somo hilo halihitaji maabara ya fedha nyingi. Kompyuta moja ya Linux inaweza kutengenezewa ndani yake mitandao ya bandia na kadi za bandia, na kijana akaliona tatizo na dawa yake kabla ya kugusa seva ya mtu. Nimewafundisha hivyo vijana wanaofuatana nami kazini, na sijaona aliyeshindwa kuelewa.

Na nyinyi wenye ofisi, msilipe kazi ya kadi mbili kabla waya haujatolewa mbele yenu. Fundi aanzishe kunakili faili kubwa kutoka kwenye seva, achomoe waya wa kwanza, nanyi mtazame kama kunakili kunaendelea. Aurudishe, angoje kidogo, kisha achomoe wa pili. Kama ni bondi ya Linux ya active-backup, mwambieni afungue /proc/net/bonding/bond0 awaonyeshe jina la kadi inayofanya kazi wakati huo na jinsi linavyobadilika. Zoezi hilo huchukua muda mfupi kuliko kikombe cha kahawa. Liandikwe kwenye makubaliano kabla kazi haijaanza, pamoja na sharti kwamba fundi ataacha karatasi yenye anwani, majina ya kadi na matundu ya swichi, na karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la seva.

Fundi wa mitandao,
Majengo, Mombasa